Jiwe la Chui: Kutoka Moshi hadi Engare Sero Kutafuta Unyayo

Nimerudi Jumapili, na tangu hapo kila ninayekutana naye njiani ananiuliza habari za jiwe lililofika uani kwangu likiwa na alama kama unyayo wa chui. Basi niandike mara moja yaishe. Haya nimeyaunga kutoka kwenye daftari lililomwagikiwa chai na picha za simu, ambazo nusu yake ni za jiwe lile lile.

Jumamosi, 8 Juni 2024. Moshi

Tripu ya mawe iliingia saa nne asubuhi, na fundi alikuwa amenuna tayari. Jana yake jioni walimwaga jamvi la vyumba viwili vya nyuma, na kabla saruji haijashika, kuku wa jirani wakapita juu yake kama wanaokagua kazi. Wametoka mlangoni, wamefika kwenye kona, wakazunguka, wakarudi. Vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, safari nzima. "Mwalimu, hawa kuku wanachinjwa lini?" akaniuliza. Mimi niliyenunua mifuko ya saruji nilikuwa upande wake kabisa.

Mawe yalikuwa ya ukuta wa kuzuia udongo upande wa mteremko. Ni yale mawe meusi ya mtoni ambayo kila mtu wa huku Kilimanjaro ama amejengea ama amejikwaa. Saidia fundi akabiringisha moja kubwa, lilipolala chali akaruka nyuma.

"Chui!"

Juu ya jiwe palikuwa na shimo la mviringo, pana kama kiganja changu, na mbele yake vishimo vitano vimepangwa kwa upinde. Ukishaambiwa ni chui, huoni tena kitu kingine. Nusu saa haikupita, uani palikuwa na watu kumi na wawili. Mzee jirani, ambaye huwa hatoki nje kwa baridi ya Juni, alikuja na blanketi lake, akainama, akasema babu yake alimwambia kwamba zamani mawe yote yalikuwa laini kama unga uliokandwa, ndiyo maana wanyama wa wakati ule wameacha alama. Hakuna aliyebisha. Nimefundisha jiografia miaka kumi na tisa, na mimi sikubisha.

Fundi akalisugua kwa brashi ya waya "lipendeze". Kisha akapaka oili chafu ya pikipiki ili vidole vitoke vizuri kwenye picha. Kijana mmoja akachora ukingo wake kwa chaki. Nikapiga picha ishirini na sita.

Kwa atakayeokota kitu kama hiki: hayo yote matatu tuliyofanya, usifanye hata moja. Usisugue, usipake mafuta, usichore. Kama ni unyayo wa kweli, alama ndogo zinazoutambulisha ndizo za kwanza kuondoka na brashi. Na kama umeukuta kwenye mwamba uliolala ardhini, uache pale pale, upige picha, uandike mahali, kisha utoe taarifa. Tangu 1964 nchi hii ina Sheria ya Mambo ya Kale, na masalia ya namna hii si mali ya aliyeyaokota. Jiwe letu lilikuwa limeshang'olewa mtoni na kubebwa kwenye lori kabla sijaliona, kwa hiyo swali la lilitoka tabaka gani lilikuwa limekufa siku ile ile.

Jumanne, 11 Juni. Moshi hadi Arusha

Shule zimefungwa, sina kisingizio. Niliamua kwenda Makumbusho ya Elimu Viumbe, Arusha, pale kwenye Boma la zamani la Wajerumani. Jiwe lenyewe halibebeki na mtu mmoja, hivyo fundi alinipasulia kipande cha ukubwa wa andazi kutoka upande wa chini, nami nikakifunga kwenye khanga kuukuu nikakitia kwenye mkoba.

Kosta ilikuwa 3,500. Ni kilomita 80 tu, lakini tulikaa stendi dakika hamsini tukisubiri ijae, na ilipojaa konda akaongeza watu wanne. Tulisimama Boma Ng'ombe, tukasimama tena Kikatiti, tukasimamishwa na trafiki mahali ambapo hakuna aliyeelewa kosa letu ni lipi, dereva akiwemo. Nilipanga kufika saa tano, nikafika karibu saa tisa.

Yaliyo ya maana yalitokea katikati. Karibu na njia ya kwenda Mererani alipanda kijana mwenye koti la jinzi, akakaa kando yangu. Nilipofungua khanga kuangalia kama kipande changu hakijachubuka, akashusha sauti:

"Shikamoo mama. Hilo umelitoa wapi?"

"Marahaba. Ni jiwe tu, mwanangu."

"Mama, mimi ni dalali wa madini. Nioneshe, sitakuibia."

Alidhani nimefunga Tanzanaiti. Akachomoa mfukoni lenzi ndogo ya kukunja, akaiweka jichoni, akageuza kipande mara mbili, akacheka kwa upole. "Halina kitu. Hizi nyeupe ni feldspa, madini ya kawaida tu. Hivi vitundu ni hewa. Hili ni jiwe la moto, mama, mlima ulilitapika." Nikamweleza habari ya chui. Hakucheka tena. Akafikiri kidogo, akasema, "Sasa huyo chui alikuwa amevaa viatu gani?"

Aliposhuka Arusha aliniachia lenzi. Ile ya zamani, alisema, fremu imepasuka, anayo nyingine. Nimrudishie nikipita tena. Hakuniomba hata namba ya simu, ni mimi niliyemlazimisha aandike yake kwenye daftari. Nimesafiri barabara hii maisha yangu yote nikiambiwa nichunge mkoba na madalali.

Nililala kwa mama mdogo, mtaa wa Sanawari. Ameolewa na Mwarusha, kwa hiyo usiku tulikula loshoro ya moto, mahindi na mtindi, na hakuna chakula kinachofaa zaidi baridi ya Arusha ya mwezi wa sita. Baba mdogo alitazama picha zangu, akasema ni fisi.

Jumatano, 12 Juni. Boma

Kutoka Mnara wa Saa unapanda Barabara ya Boma kwa miguu, unafika. Boma lilijengwa mwaka 1900, kuta nene, na ukiingia uani kelele za mji zinabaki nje. Kiingilio cha Mtanzania hakikufikia bei ya sahani ya chipsi kuku. Nenda asubuhi, na ukitaka kumwonesha mtu kitu, sema tangu mlangoni, usizunguke kwanza.

Nilimpata mhifadhi, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. Alinikaribisha kiti, akatazama picha zote ishirini na sita bila haraka, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wa watu wote wale uani kwangu aliyeuliza.

"Mama, chui ana vidole vingapi vinavyogusa chini?"

Nikanyamaza.

"Vinne. Paka wote ni vinne. Cha tano cha mguu wa mbele kiko juu, hakigusi. Fisi vinne, mbwa vinne. Huyu wako ana vitano."

Nilisikia joto la aibu masikioni. Tulihesabu vidole, tukafurahi ni vitano, kwa sababu sisi tuna vitano.

Akachukua kipande na ile lenzi ya dalali, akaenda dirishani. Akaniita nitazame. Ndani ya weusi wa jiwe kulikuwa na fuwele nyeupe, zimekaa kama kashata zilizokatwa mshazari, na katikati yake vitundu vidogo vyenye kuta laini. Jiwe hili, akasema, lilikuwa uji wa moto. Gesi ilikuwa ikitafuta pa kutokea, lava ikaganda kabla haijatoka yote, vikabaki viputo. Viputo hupenda kujipanga kufuata mtiririko, ndiyo maana vya kwako vimekaa mstari. Baadaye fuwele zinang'oka, mto unabiringisha jiwe miaka na miaka, vitundu vinapanuka, pale palipokuwa laini panachimbika zaidi. Unapata kiganja na vidole.

Nikajitetea. Kwani zile nyayo za kale za Laetoli, kule Ngorongoro, haziko kwenye mawe ya volkano?

Nadhani alikuwa akilisubiri swali hili. Alivuta kiti chake karibu. Volkano hutoa vitu viwili ambavyo watu huchanganya, alisema. Kuna uji wa moto, na kuna jivu. Uji wa moto ukitiririka, kila chenye miguu kinakimbia, na ukipoa umeshakuwa jiwe, haubonyei. Jivu hushuka kama vumbi, mvua inalinyeshea, linakuwa tope laini, wanyama wanapita juu yake, jua linalikausha linashika kama saruji, kisha jivu jingine linalifunika. Laetoli ilikuwa hivyo, miaka milioni 3.66 iliyopita. Hata matone ya mvua yameacha alama pale. Kuna tembo, twiga, vifaru, kanga, sungura.

Kisha akanipa hadithi ambayo nimeisimulia mara tano tangu nirudi. Mwaka 1976, watafiti wa timu ya Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, walikuwa wakirudi kambini huku wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Mmoja wao, Andrew Hill, alipojitupa chini kukwepa, akakuta macho yake yako karibu kabisa na ardhi, na ardhi imejaa nyayo. Miaka miwili baadaye ikapatikana ile njia maarufu ya binadamu wa kale, urefu wa karibu mita 27.

Lakini kuna nyingine, akasema, na hii ndiyo inayokuhusu wewe. Mwaka ule ule wa 1976 zilionekana nyayo tano zilizofuatana, pana, za ajabu kidogo. Wengine wakasema ni binadamu, wengine wakasema ni dubu mchanga aliyesimama kwa miguu miwili. Dubu wakashinda, zikasahauliwa. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Mtanzania Charles Musiba, walizifukua upya na kuzisafisha hadi mwisho, na majibu yakatoka 2021. Huko Marekani wenzao walikuwa wamewarekodi dubu kwa zaidi ya saa hamsini, na muda waliotembea wima haukufika hata asilimia moja. Tena katika maelfu ya mifupa ya kale iliyookotwa Laetoli, wa dubu haumo. Na katika nyayo zenyewe, mguu mmoja ulikuwa umevuka mbele ya mwenzake, kama mtu aliyeyumba akajirekebisha. Dubu hafanyi hivyo. Zilikuwa za jamaa wa binadamu.

"Unaona, mama? Miaka arobaini na mitano wataalamu wenyewe walikuwa wakibishana, tena wakiwa na nyayo tano zinazofuatana. Wewe una moja, haina ya mbele wala ya nyuma."

Nilimuuliza, basi ukipelekwa mahali ukaoneshwa alama, unaangalia nini? Niliandika majibu yake haraka, na nayatoa hapa kama alivyoyasema. Kwanza anatazama jiwe, si shimo: ni jiwe lililowahi kuwa tope, mchanga au jivu? Kama si hivyo, mazungumzo yameisha. Kisha anatafuta unyayo wa pili na wa tatu, kwa sababu mnyama hatui kutoka angani akakanyaga mara moja na kuruka tena. Kisha anatazama ukingo: mguu unaposhuka, tope lazima liende mahali, kwa hiyo kandokando huinuka kidogo. Shimo lililochimbwa na maji halina ukingo ulioinuka. Mwisho, kama jiwe limepasuka ubavuni na unaona tabaka, tabaka zilizo chini ya unyayo zimepinda, kama ukibonyeza kidole juu ya chapati zilizopangwa.

"Kwako mnajenga, si ndiyo? Hujawahi kuona kuku amekanyaga saruji mbichi?"

Nikamwambia nimeona. Sikumwambia nilivyomlaani.

Nilipoinuka akanishauri, kama nina siku mbili na nauli, niende Engare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, nikaone za kweli, kwa kuwa za Laetoli zimefukiwa kuzihifadhi na huko utaona nakala tu.

Alhamisi, 13 Juni. Arusha hadi Engare Sero

Basi la Loliondo linalopita Engaruka linaondoka alfajiri. Nauli yangu ilikuwa 20,000 na mkoba ukakaa mapajani. Hadi Mto wa Mbu ni lami, nililala.

Baada ya Mto wa Mbu unaacha lami unaingia vumbi. Beba maji kuanzia hapo, nunua na ndizi. Beba pia kitambaa cha kufunika pua, mimi nilitumia ile khanga ya jiwe. Kuna mageti ya ushuru njiani. Sisi wa basi hatukuulizwa kitu, wenye magari yao binafsi walikuwa wameegeshwa wakitafuta risiti.

Kabla ya Engaruka gurudumu la nyuma lilipasuka kwa mlio uliomwamsha hata mtoto aliyekuwa amelewa usingizi tangu Makuyuni. La akiba lilikuwepo. Jeki ndiyo haikuwepo. Tulikaa saa mbili na nusu chini ya mgunga mmoja, watu hamsini kivuli cha watu ishirini, tukihama kukifuata. Akatokea yeyo mmoja, mama wa Kimaasai, na birika la chai ya maziwa na vikombe vitatu. Akawa anaosha, anajaza, anagawa. Nilipompa elfu mbili akaikunja akairudisha kwenye kiganja changu, akakifunga kwa mikono yake miwili. Kijana wa pembeni akanitafsiria: "Anasema gari lingeharibikia kwenu, ungefanya nini?" Nilifikiria kwetu Moshi, nikaona bora ninyamaze.

Lori la mchanga lilituazima jeki. Tulifika Engare Sero saa kumi na mbili, joto bado linatoka ardhini, na mlima wa volkano, Ol Doinyo Lengai, umesimama juu ya kijiji peke yake, kilele cheupe kama kimenyunyiziwa unga. Chumba 15,000, maji ya ndoo, ugali na mbuzi 6,000. Nyama ilikuwa ngumu na tamu.

Ijumaa, 14 Juni. Nyayo

Mwenyeji wangu, kijana wa Kimaasai ambaye nilielewana naye bei usiku, alinigongea saa kumi na moja na nusu. Nilidhani ni kwa ajili ya joto. Kumbe ni kwa ajili ya mwanga.

"Saa sita mchana utaona sakafu tu," alisema. "Jua likiwa chini, kila unyayo una kivuli chake."

Tulitembea kuelekea ziwani. Ardhi ni kijivu, imeshika, na ukiigonga kwa fimbo inalia kama jamvi. Akaniambia nivue viatu ingawa tungebaki pembeni. Kisha jua likachomoza, mwanga ukaja umelala, na ile sakafu tupu ikajaa watu.

Sina namna nyingine ya kulisema. Nyayo ziko zaidi ya 400. Nilichuchumaa kwenye mmoja ulio karibu na njia. Kisigino kimezama, cha mviringo, kina cha kifundo cha kidole changu. Katikati pamepanda, pale mguu unapopinda. Mbele, kidole gumba kimesukuma tope nyuma, na tope limebaki na mkunjo mdogo, kama wa blanketi. Vidole vinne vidogo vimefuata kwa kupungua. Na kuzunguka kisigino, upande mmoja, ukingo umeinuka kwa unene wa sarafu mbili. Nilitoa lenzi ya dalali nikautazama ukingo ule muda mrefu hadi kijana akaniuliza kama ninaumwa.

Mbele yake, hatua moja ya mtu mwenye haraka ya kawaida, kuna mguu wa pili. Kisha wa kwanza tena.

Watafiti wanasema jivu hili lilitoka Lengai, likaja hapa na maji, likakanyagwa likiwa tope, likashika upesi. Umri wake wameuweka kati ya miaka 5,760 na 19,100. Kundi moja la watu kumi na saba lilitembea pamoja kuelekea kusini-magharibi, na kwa vipimo vya miguu wanakadiria kumi na wanne walikuwa wanawake watu wazima, wawili wanaume na mmoja kijana. Mwenyeji wangu alipoona nimeduwaa akacheka: "Wamama walikuwa wanakwenda kutafuta chakula. Hata leo ni hivyo hivyo." Mahali pengine nyayo zimeachana mbali, za watu waliokuwa wakikimbia kuelekea upande mwingine. Nilimuuliza walikuwa wanakimbia nini. Akasema labda walichelewa.

Jambo lililonishangaza ni kwamba nyayo nyingi hazifanani na unyayo. Ukizitoa moja moja ukazipiga picha, nyingine ni mashimo tu, tope liliporomoka ndani au mguu uliteleza. Jiwe langu la Moshi ni zuri kuliko nusu yake. Lakini hapa shimo baya lina jirani yake mbele na jirani yake nyuma, kwa umbali ule ule, na ndivyo unavyojua.

Ushauri wa picha, kwa kuwa zangu za kwanza zote zilikuwa mbovu: simama uelekeze simu chini wima, weka kitu cha kipimo pembeni na si ndani ya unyayo, mimi niliweka sarafu ya 200 na rula ya shule. Acha mwanga uje kutoka ubavuni. Ukiwa na jiwe nyumbani, subiri usiku uweke tochi ya simu karibu na usawa wa jiwe, utaona hata mikwaruzo ya brashi ya fundi. Na usitie maji, saruji wala plasta ndani ya unyayo ili kutoa nakala. Kazi hiyo ina wenyewe.

Kufika saa tatu jua lilishapanda na watu wote walikuwa wametoweka. Tukarudi kijijini.

Jumamosi, 15 Juni. Kurudi Arusha

Basi, vumbi, lami, mama mdogo. Lenzi nilimrudishia mwenyewe, tulikutana nje ya stendi. Alitaka kuona picha. Alizipitisha zote kwa kidole, akasimama kwenye ile ya ukingo wa kisigino, akaikuza, akaikuza tena. "Hii ndiyo mali," akasema. Nikamnunulia soda.

Gharama zangu zote, nauli, kulala, kula, mwenyeji na viingilio, hazikufika 130,000 kwa siku sita, kwa sababu Arusha nililala bure. Ukikodi gari binafsi kutoka Arusha hesabu hiyo isahau, mafuta peke yake yataimaliza.

Jumapili, 16 Juni. Moshi

Nilifika mchana baada ya ibada. Njia nzima kwenye kosta nilikuwa nikiwaza kuku. Nilikuwa na njia kamili ya nyayo kwenye jamvi langu mwenyewe, kwenda na kurudi, ukingo ulioinuka, kona waliyogeukia, na nilijua namna ya kuipiga picha. Ningewaonesha wanafunzi shule ikifunguliwa. Rula nilikuwa nayo mkononi niliposhuka kwenye bodaboda.

Uani, jiwe la chui lilikuwa limefunikwa turubai la bluu, limezungushiwa miiba ya michongoma pande zote. Mtoto wa jirani, darasa la nne, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaniamkia, kisha akaniambia kuangalia ni mia mbili, lakini mimi bure kwa kuwa ni kwangu.

Nikampita nikaenda nyuma. Fundi alikuwa ameshamaliza. Jumamosi nzima, akaniambia, alipiga plasta ya sakafu vyumba vyote viwili, na juu yake niru. Ilikuwa inang'aa kama sahani. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi akisubiri nimpongeze.

"Tazama, mwalimu. Hutajua kama kuku walipita."

Nikamwambia kazi nzuri. Kisha nikamwuliza kama lile jiwe sasa anaweza kulijengea, maana nimeambiwa si unyayo. Akatikisa kichwa. Yeye, akasema, jiwe lile halijengi.